Fom Tri, Dumu la Mawese na Treni ya Kigoma

Kwa wasiojua, fom tri ndo mwaka mtamu kuliko yote sekondari, sibishani na mtu hapa. Fom wani unaonewa, fom tuu una mtihani wa taifa, fom foo ndo usiseme kabisa, lakini pale katikati hakuna anayekusaka, walimu wenyewe wamekulegezea kamba, kona zote za shule umeshazijua na bado hujaanza kuulizwa utakuwa nani. Yetu ilikuwa 2006, Tabora mjini, shule ya kutwa ya mchanganyiko (jina naliacha, wenyewe mnajijua). Ule mwaka nchi ilikuwa kwenye mgawo wa umeme sababu mvua zilikuwa zimegoma na mabwawa yamekauka, so usiku tunasomea koroboi, na Kombe la Dunia la Ujerumani tumeliangalia kwenye kibanda cha jenereta, mafuta yakikata dakika ya themanini ndo basi tena, matokeo utaulizia kesho kwa wenye redio.

Alafu fom tri ndo walituchanganya. Baada ya matokeo ya fom tuu wa sayansi wakaenda huku, wa biashara kule, sisi wa sanaa tukazolewa kutoka mikondo yote tukatupwa darasa moja, kwa hiyo miezi ya mwanzo kila kundi na kona yake, waliotoka A wanajisikia, waliotoka D wanapiga makelele nyuma. Na kulikuwa na binti kahamia kutoka Kigoma, Kiswahili chake cha Ujiji kile cha kuvuta, sisi bila aibu tukambatiza Mwisho wa Reli. Hakuwa anajibu. Anakuangalia tu mpaka unamaliza kucheka mwenyewe.

Ziara ya Kigoma ilikuwa wazo la mwalimu wa Jografia, Madam wa Bailojia akadandia kwa sababu ya Gombe, ile hifadhi ya sokwe, mwalimu wa Historia naye kwa sababu ya Ujiji. Hela tulitafuta wenyewe, michango ya wazazi ilikuwa nusu tu, iliyobaki tumefyatua matofali ya mzee mmoja kule Ipuli kila Jumamosi, wasichana wanasomba maji wavulana wanakanyaga udongo, na mtu akikaa kivulini anafukuzwa kwa tope. Nadhani zile kona za darasani zilianza kufa pale kwenye tope.

Ninayoandika hapa nimetoa kwenye kaunta buku langu la wakati ule, mengine nimeongezea maana daftari lenyewe lilikuwa la mtoto wa miaka kumi na saba, kuna ukurasa mzima umeandikwa tumekula tu.

JUMATANO

Stesheni tuliambiwa saa kumi na mbili jioni, saa kumi tu Monita keshafika na orodha yake na filimbi kaazima kwa mwalimu wa michezo. Wazazi walijaa kuliko wasafiri. Kila mama na kifurushi, michembe na matobolwa (viazi vitamu vya kukausha hivyo), karanga, mayai ya kuchemsha, na kila mama na amri zake, wangu mimi aliniambia "usiingie majini mwanangu, ziwa la watu halina mazoea na wewe" alafu akamgeukia Madam akamwambia yale yale utadhani sijasikia. Mwisho wa Reli alikuja peke yake, kabegi kadogo mgongoni na dumu tupu la lita ishirini mkononi. Tukamuuliza dumu la nini. Akasema mtajua.

Treni ya kutoka Dar ikawa haionekani. Saa mbili, saa nne, saa sita, tumeimba nyimbo zote tulizozijua na zile za kanisani na kaswida, tumelala kwenye sakafu ya stesheni juu ya kanga, mwalimu wa Historia akaona asituache hivi hivi akaanza kutembea katikati yetu anaongea, kwamba hii reli Wajerumani waliianzia Dar 1905, ikafika hapa Tabora 1912 na Kigoma 1914, vita vya kwanza vya dunia vinaanza na wenyewe ndo kwanza wamemaliza kuijenga. Nusu ya darasa walikuwa wanakoroma. Mi nilisikia kwa sababu nilikuwa nimelalia jiwe.

Ikaingia usiku wa manane. Sasa waliopita Tabora wanajua pale ndo njia panda, treni inakatwa, mabehewa ya Mwanza yanapangwa kivyake na ya kwetu kivyake, taa hakuna za kutosha, watu wanakimbia na magunia kichwani wanauliza hii wapi hii wapi. Tukamwona babu mmoja na kuku wake wawili wamefungwa miguu anapanda behewa la Mwanza kwa utulivu kabisa. Mwisho wa Reli ndo alimuwahi.

"Shikamoo babu, unakwenda wapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Uvinza."

"Babu shuka, hapo utaamkia Mwanza!"

Wavulana wakambebea mzigo, mwingine kuku, tukaingia naye behewa letu la daraja la tatu, na babu akawa wa kwetu mpaka Uvinza, hata Monita alimwongeza kwenye orodha.

ALHAMISI

Urambo tumeipita tumelala, mwalimu wa Historia alisikitika sana, alitaka tuone mahali Waingereza baada ya vita ya pili walipoleta matrekta kulima karanga kwa fujo, Urambo, Kongwa na Nachingwea, mradi ukawafia mikononi, sasa hivi Urambo ni tumbaku. Tuliamka karibu na Kaliua, pale ndo njia ya Mpanda inapoachana na yetu, na kuanzia hapo ni miombo tu, miombo, miombo, mizinga ya nyuki inaning'inia juu ya miti, vumbi linaingia dirishani mpaka meno yanalia.

Kwenye treni ile kila stesheni ni sahani. Naomba nieleweke, sijawahi kula vizuri kwenye usafiri wowote tangu siku ile. Treni ikipunguza mwendo tu madirisha yanajaa mikono, chai ya maziwa kwenye vikombe vya plastiki ambavyo lazima unywe haraka umrudishie mama kabla treni haijaondoka (kuna mmoja wetu aliondoka na kikombe, mama wa watu kakimbia pembeni ya treni akimtaja na ukoo wake, ikabidi kirushwe), mihogo, kuku wa kuchemsha. Nguruka ni samaki, wa kukausha na wa kukaanga, wanatoka kwenye mabwawa na mabonde ya Malagarasi. Mwalimu wa Jografia akasimama juu ya siti anapiga kelele kushinda magurudumu, kwamba mto huu mnaouona mwembamba kiangazi hiki unaingia Ziwa Tanganyika, na hii ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ndo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu za dunia, mwaka 2000. Ramsar ni nini mwalimu? Ni mji wa Uajemi. Basi kuanzia hapo kila kitu kizuri tulikiita Ramsar, samaki Ramsar, siti ya dirishani Ramsar.

Babu wa Uvinza alikuwa kimya hadi tulipokaribia kwao ndo akafunguka. Alifanya kazi kwenye chumvi ujana wake. Anasema Uvinza maji ya chumvi yanatoka ardhini yenyewe, ni chemchemi, unayachemsha mpaka maji yanaisha chumvi inabaki, na kabla ya Mjerumani kabla ya Mwarabu watu walikuwa wanatoka mbali wanakuja kuchemsha na kubadilishana na majembe na mbuzi. Mwalimu wa Historia alikuwa anaandika haraka kuliko sisi. Babu alishuka pale na kuku wake, akarudi mbio dirishani na kipakti cha chumvi, "mkampe mama jikoni", hatujui ni mama yupi kati ya mama zetu wote, so ile chumvi tulilia mayai yetu yaliyobaki.

Baada ya Kazuramimba nchi inabadilika, udongo unakuwa mwekundu, michikichi inaanza, dirishani sasa wanauza mawese kwenye chupa. Mwisho wa Reli ambaye toka Tabora alikuwa kakaa kona yake akahamia katikati ya behewa. Akaanza kutuelekeza. Hilo bonde ni la Luiche, pale mbele tegeni macho. Ziwa lilipotokea behewa zima tulikimbilia upande mmoja mpaka TT, mkaguzi wa tiketi, akatufokea tukae.

Kigoma stesheni reli inaisha kweli. Sio maneno. Tulikwenda kuangalia, vyuma viwili vinafika mahali vinakoma, mbele yake bandari na maji. Yule binti akakanyaga pale pale, dumu mkononi, akatugeukia. "Haya. Huku ndo mwisho wa reli. Karibuni kwetu." Hakuna aliyecheka, alafu tukacheka wote, na yeye.

Tulilala kwenye madarasa ya shule moja ya pale mjini, madawati yamesogezwa ukutani. Kigoma wakati ule haikuwa hata kwenye gridi ya taifa, ni majenereta, kwa hiyo sisi tuliokimbia giza la Tabora tulikuta giza la kienyeji. Lakini usiku tukatoka nje, shule ipo mlimani, ziwa lote lilikuwa na taa. Mamia. Jamaa yangu wa dawati akasema kwa uhakika kabisa ile ni Kongo. Mwisho wa Reli alicheka mpaka akakaa chini. Ni karabai za wavuvi, dagaa wanafuata mwanga, na wanavuliwa usiku wa giza tu, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika nyumbani. Tulikuwa tumeenda siku za kiza, bahati tu. Kongo yenyewe iko upande wa pili huko, mchana ukiwa safi ndo unaona milima yake.

IJUMAA

Ujiji kutoka mjini si mbali, tulikwenda na daladala mbili tumebanana. Mji wa zamani ule, nyumba ndefu za barazani, kofia na kanzu nyingi sababu ni Ijumaa na mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia kuandama, madukani watu wananunua tende na sukari.

Makumbusho ya Livingstone yana mnara, miembe miwili na sanamu mbili za wazungu wanavuliana kofia. Mzee anayetutembeza akatuambia Stanley alifika Novemba 1871 akimtafuta Livingstone, ule mwembe wenyewe waliokutania ulishakufa, hii ni iliyopandikizwa kutoka kwake, na wakati ule ziwa lilikuwa linafika karibu zaidi, sasa limerudi nyuma. Basi wavulana wawili wakajipanga pembeni ya sanamu, mmoja anavua kofia ya kufikirika, "Bila shaka wewe ni Dokta Livingstone", mwingine anajibu "Hapana, mi ni mkaguzi wa tiketi".

Mwalimu wa Historia alituacha tucheke alafu akauliza swali moja tu. Mizigo alibeba nani?

Kimya. Akasema mmekaa Tabora maisha yenu yote na hamjui. Wapagazi. Wanyamwezi, babu zenu nusu ya darasa hili, ndo waliotembea njia hii na pembe za ndovu na nguo na shanga, Ujiji, Tabora, Bagamoyo. Na aliyekimbia kumwambia Livingstone kwamba kuna mgeni anakuja alikuwa ni Susi, mtumishi wake, yeye na Chuma na wenzao ndo waliokuja kuubeba mwili wa yule mzee 1873 kutoka huko Zambia ya leo wakapita nao Tabora mpaka pwani. Kwihara pale karibu na sisi tulishaenda mwanzoni mwa mwaka kuona tembe alilokaa Livingstone, lakini ilikuwa ni kama ziara ya kukwepa somo la hesabu, hakuna aliyeunganisha. Livingstone na Stanley walitoka Ujiji Desemba 1871 wakafika Unyanyembe, kwetu Tabora huko, Februari, karibu miezi miwili. Sisi tumelalamika treni imechelewa.

Na Ujiji lilikuwa soko la watu pia, sio pembe tu. Hilo mwalimu alilisema taratibu, na yule mzee wa makumbusho akaitikia kwa kichwa. Nakumbuka Mwisho wa Reli alisema kwao upande wa baba ni Wamanyema, walitoka ng'ambo huko Kongo, na bibi yake hakuwahi kupenda kuulizwa walikujaje.

Mchana baada ya swala akatupeleka kwa shangazi yake. Hatukuwa tumepanga, mwalimu anasema sisi ni wengi mno tutamtesa mama wa watu, binti kasema shangazi keshapika. Keshapika kweli! Sufuria zile za shughuli, ugali wa muhogo mweupe unavutika, migebuka imekaangwa kwenye mawese, na sombe, kile kisamvu cha kutwangwa, nacho mawese tupu. "Shikamoo shangazi" mara arobaini na kitu, "marahaba wanangu, kuleni, huko Tabora mnakula nini nyie, makapi ya viazi?" Utani huo. Tukamtetea michembe yetu lakini midomo imejaa. Na yule binti ambaye darasani hasemi, pale alikuwa anatupanga kwenye majamvi anatoa amri, we osha mikono, we sogea, Monita mwenyewe kapewa kazi ya kupeleka maji.

Usiku mawese yalitukumbuka watu wa Tabora. Sitaeleza zaidi, choo cha ile shule kilikuwa mbali na tochi ilikuwa moja.

JUMAMOSI

Saa kumi na moja alfajiri Kibirizi. Ufuo mzima unanuka dagaa, kipe, vyombo vya wavuvi, zinaingia na dagaa wa usiku, kina mama wanaanika kwenye mchanga na vichanja, hela zinabadilishana mikono gizani. Boti letu lilikuwa la mbao refu na injini moja. Mwenye boti anataka bei ya wageni, mwalimu anaanza kulainika, Mwisho wa Reli akaingia kati kwa Kiha, hatukuelewa hata neno zaidi ya "mwakeye" ya mwanzo, ila tuliona uso wa yule jamaa unavyobadilika na bei inavyoshuka. Inabidi muondoke mapema kwa sababu mchana upepo unapiga ziwa linachafuka.

Gombe haina barabara, ni boti tu. Iko kaskazini ya Kigoma kama kilomita 16 lakini boti kama letu lilitumia masaa kadhaa tunapita vijiji ukingoni, watoto wanapunga mikono. Hapo katikati mwalimu wa Jografia akaamua ndo muda wa kutuambia kwamba chini yetu ziwa lina kina cha mita 1,470 pale panapozama zaidi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, ni kwa sababu ya bonde la ufa, ardhi ilipasuka pande mbili zikasimama katikati ikadidimia maji yakajaa. Mwalimu, hii si uongee tukishafika nchi kavu? Boti zima lilikuwa limeshika kingo. Jamaa yangu wa dawati alisali sala za dini mbili.

Tulifika Kasekela, makao ya hifadhi. Askari wa hifadhi akatusomea sheria, na ya kwanza ni kwamba mwenye mafua au kikohozi haendi kwa sokwe, maana magonjwa yetu yanawaambukiza na yanawaua. Hapo akakohoa mmoja. Aliyekuwa anasubiri sokwe toka mwezi wa tatu, aliyefyatua matofali kuliko wote, akakohoa mbele ya askari! Alikaa ufukweni na Madam siku nzima, na Madam alijitolea kubaki naye wakati yeye ndo alikuwa na hamu kuliko sisi sote, hilo darasa letu mpaka leo tunamdai shukrani.

Tuligawanywa vikundi vidogo na waongozaji, huwezi kwenda kundi zima. Milima ya Gombe inapanda wima aisee, unashika mizizi, jasho, na mwongozaji anatembea mikono mfukoni. Akatusimulia huku anapanda bila hata kuhema. Jane Goodall alikuja Julai 1960 akiwa na miaka 26, na hakuja peke yake, alikuja na mama yake mzazi, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikataa binti wa kizungu akae porini bila mtu. Wasichana wa kundi letu walilipenda hilo kuliko kitu kingine chochote, mmoja akasema hata mamangu ningemwambia tukafanye utafiti asingekubali lakini angekuja. Na ule mwaka wa kwanza ndo akamwona sokwe mmoja anachukua kijiti anakichomeka kwenye kichuguu anavuta mchwa anawala, watu walikuwa wanaamini kutumia zana ni kazi ya binadamu tu. Hifadhi ya taifa imekuwa 1968. (Mama Goodall mwenyewe kafariki Oktoba 2025, ana miaka 91. Nilivyosikia niliwapigia simu watu wawili wa darasa letu kabla sijamwambia hata mke wangu.)

Sisi tuliwaona. Kundi lililokwenda upande mwingine waliona maporomoko ya Kakombe na vinyesi tu, pole zao. Mwongozaji alisimama ghafla akatuinamisha, kuna sauti zinaanzia bondeni huu, huu, huu zinapanda zinakuwa makelele, majani yakatingishika, wakatoka sokwe mama na mtoto mgongoni na mwingine mkubwa nyuma. Walipita. Hawakutujali hata kidogo. Yule mtoto ndo aligeuka akatuangalia, kidole mdomoni. Kuna mtu kundini alikuwa na kamera ya filamu na hakupiga, alisahau kama anayo. Walipoisha kupita hakuna aliyeongea mpaka mwongozaji akasema haya tushuke.

Chini ufukweni kumbe kuna kingine. Nyani wa Gombe wanajua mabegi. Monita kaweka mkoba wake chini sekunde moja afunge kamba ya kiatu, nyani dume kaja kama mwenye mzigo wake, kachukua, kapanda nao mtini. Ndani mna mkate, orodha ya wanafunzi na filimbi. Mkate ulikwenda. Orodha ilishuka kipande kipande. Filimbi ilibaki juu na mwenyewe, na ile ziara kuanzia dakika ile ikawa ya starehe.

Kurudi mawimbi yalianza kunyanyuka, tumelowa, tunaimba, hakuna aliyesali.

JUMAPILI

Wakristo walikwenda ibada, waliobaki tukaenda sokoni Mwanga na Kibirizi kununua dagaa za nyumbani. Waislamu wanabishana kama mwezi umeonekana au bado, na kama msafiri anafunga au hafungi, mwalimu wa Historia akawaambia muulizeni sheikh mi nafundisha Vita vya Maji Maji.

Bandarini tuliikuta Liemba. Nilitegemea kitu kilichooza lakini ni meli haswa. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia masandukuni, ikaja mpaka Dar alafu kwa reli hii hii mpaka Kigoma, maana yake yale masanduku yalipita Tabora, pale pale tulipolala juu ya mawe. Ikaingia majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na maadui, ila kabla ya kuizamisha waliipaka grisi mitamboni, Waingereza wakaiibua 1924 ikapewa jina Liemba. Mwalimu wa Jografia na wa Historia walipokezana kuhadithia hii, mmoja akimkatisha mwenzie, sijawahi kuona walimu wana furaha vile.

Dumu sasa. Dumu lilijaa mawese, lita ishirini, zawadi ya shangazi kwa mama yake mdogo wa Tabora, na Mwisho wa Reli akatangaza hana mpango wa kulibeba. Wavulana walipokezana kutoka Mwanga mpaka stesheni, waliomcheka zaidi mwezi wa pili ndo waliobeba zaidi, alikuwa anahesabu kabisa. Treni ya kurudi iliondoka jioni. Mawese, dagaa mbichi mbichi, jasho, behewa zima.

JUMATATU

Nililala. Waliokuwa macho wanasema Uvinza alikuwepo babu dirishani anawatafuta wale watoto wa Tabora, mimi siamini ila watu watatu wanaapa. Tabora tumeshuka kumekucha, tunanuka samaki hadi mbwa wa stesheni wakatufuata.

JUMANNE

Hatujapumzika hata siku mbili, mwalimu wa Jografia kaingia na karatasi. Jaribio. Swali la kwanza, eleza jinsi bonde la ufa linavyotokea na utoe mfano. Darasa zima lilifaulu, wa A na wa D, haijawahi kutokea tena. Jamaa yangu wa dawati aliandika mistari sita sahihi kabisa kuhusu ardhi kupasuka na kudidimia, alafu kwenye mfano akaandika Ziwa Tanganyika, mita 1,470, nilikuwepo juu yake. Mwalimu kampa maksi zote na wino mwekundu pembeni: na ulikuwa unalia.